Masta ya -6 au ya -10? Sauti kubwa na albamu ya roki

SWALI: Bendi yetu ya watu wanne imemaliza albamu ya roki yenye nyimbo 10. Mhandisi wa mastaringi (hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi kabla ya kutolewa) ametutumia matoleo mawili. Toleo A linasoma -6.2 LUFS, toleo B linasoma -10.1 LUFS, na vilele vya yote mawili vinaishia -1 dBTP. Mpiga gitaa na mwimbaji wanasema A ndilo lenye nguvu na B limepooza. Mpiga ngoma anasema kwenye A ngoma zake zimeuawa. Mimi napiga besi na nimebaki katikati. Je, mastaringi ya sauti kubwa, iliyobanwa sana, inaharibu albamu za roki au inazipa nguvu? Na sisi tutoe lipi?

JIBU: Toeni B. Mkihisi bado halijashiba, mwombeni mhandisi alisukume kidogo hadi karibu na -9, aishie hapo. Ila msiondoke mkidhani kubana sauti ndilo kosa. Bila kompresa, kifaa kinachoshusha sehemu kubwa za sauti ili zikaribiane na ndogo, roki tunayoijua isingekuwapo. Cha kuuliza ni nini kinachobanwa, kinabanwa katika hatua gani ya kazi, na nani analipa gharama. Kwenye A anayelipa ni mpiga ngoma, ndiyo maana amekuwa wa kwanza kulalamika.

Tuanze na dari. Faili la dijitali la kawaida, kama la CD, lina kikomo kimoja, 0 dBFS, na hakuna sampuli (kipimo kimoja kimoja cha wimbi) inayoweza kuandikwa juu yake. Tangu CD iingie sokoni mwaka 1982 dari hilo halijasogea. Sikio, kwa upande wake, halipimi ukubwa wa sauti kwa kilele. Hupima kwa wastani wa nguvu inayolifikia kwa muda fulani. LUFS ni kipimo cha wastani huo kwa kanuni ya ITU-R BS.1770, iliyotolewa kwanza mwaka 2006. dBTP ni kipimo cha kilele halisi cha wimbi, pamoja na kile kinachochomoza katikati ya sampuli mbili. Toa kimoja kwenye kingine, utapata umbali kati ya vilele na mwili wa muziki. Kwenye B umbali huo ni desibeli 9.1. Kwenye A ni 5.2. Kwa kuwa dari ni lilelile, wastani haupandi mpaka vilele vishushwe kwanza, ndipo kila kitu kiinuliwe.

Sasa, katika wimbo wa roki vilele ni vya nani? Gitaa lenye distosheni limekwisha kubanwa tangu kwenye amplifaya: valvu zikizidiwa hukata ncha za wimbi, na akodi inayovuma kwa sekunde tatu hubaki karibu kimo kimoja muda wote. Besi iliyopita kwenye kompresa iko hivyohivyo. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida imekwisha kupitishwa kwenye kompresa moja au mbili wakati wa miksi, yaani kuchanganya vyombo. Kinachobaki kurukaruka ni ngoma za snea na kiki. Snea ikichapwa sawasawa, milisekunde zake chache za mwanzo zinaweza kusimama desibeli 10 juu ya mwili wa miksi, kisha zikaporomoka mara moja. Kwa hiyo limita, kompresa kali inayozuia vilele visipite dari, ikiambiwa iondoe desibeli 6, haigawi mzigo kwa haki. Inauondoa karibu wote kwenye ngoma.

Matokeo yake mnayasikia kwenye A. Snea inazama hadi usawa wa magitaa, inabaki na mlio wa kugonga boksi badala ya kupasua hewa. Mlio wa matoazi, ambao ulikuwa chini kwa desibeli nyingi, unapandishwa pamoja na kila kilichokuwa kidogo, na kati ya pigo na pigo unasikika kama mvua isiyokatika. Magitaa yanasogea mbele. Hata pumzi za mwimbaji kabla ya mstari zinasikika. Hapo usishangae kura zenu zimegawanyika namna hiyo: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na A imewavutia ngozi watu wawili kwa hasara ya mmoja.

Limita haina pa kukimbilia

Watu hudhani limita nzuri zaidi, au mpangilio wa kijanja zaidi, ungeweza kufikisha wimbo -6 bila madhara. Limita zimeboreka sana, hilo sikatai, lakini kuna jambo la muda ambalo hakuna plagini inayoweza kulikwepa.

Limita hushusha sauti kilele kinapokuja, kisha huirudisha. Muda wa kuirudisha ndiyo riliisi. Waya wa chini kabisa wa besi ya nyuzi nne, E, unatetema mara 41 kwa sekunde, maana yake wimbi moja linachukua takriban milisekunde 24. Ukiweka riliisi ya milisekunde 10, limita itashusha na kupandisha sauti ndani ya wimbi hilohilo moja, yaani inabadilisha umbo la wimbi, na kubadilisha umbo la wimbi ndiyo distosheni yenyewe. Utaisikia besi ikikwaruza hasa kiki inapoangukia juu yake. Ukikimbilia riliisi ya milisekunde 300, kwaruzo linaisha, lakini sasa kila kiki ikipigwa muziki wote unazama na kuibuka polepole, magitaa yanahema. Katikati, kati ya milisekunde 50 na 150, kuna nafasi ya kufanyia kazi, na inatosha vizuri kwa kupunguza desibeli 2 au 3.

Kwa desibeli 7 haitoshi. Chukua wimbo wa kasi ya mapigo 180 kwa dakika: pigo moja ni milisekunde 333, nusu yake ni 167, na mpiga ngoma akitumia kiki mbili kwa robo za pigo, kati ya kiki na kiki kuna milisekunde 83 tu. Limita haipati muda wa kurudi juu. Inakuwa imekaa chini muda wote, ikitikisika kidogo, na kazi inayofanya haina tofauti na kupunguza volyumu huku ukiongeza uchafu.

Njia nyingine ni kukata vilele moja kwa moja kwa klipa, bila kupandisha na kushusha. Hapa kuna habari njema kiasi. Mlio wa mwanzo wa snea ni kelele tupu isiyo na noti, na ukiukata desibeli 1 au 2 kwa muda usiofika milisekunde 2, harmoniki (milio ya ziada juu ya noti) zinazozaliwa hujificha ndani ya kelele hiyohiyo. Wahandisi wengi wa roki hufanya hivyo kabla ya limita, na mara nyingi snea hutoka ikiwa hai kuliko ingepitia limita peke yake. Tatizo huja klipa inapoanza kukata vitu vyenye noti: sauti ya mwimbaji, besi, gitaa safi. Kukata ncha za juu na chini kwa usawa huzalisha harmoniki za namba witiri, na noti mbili zikikatwa pamoja huzaa milio mipya isiyohusiana na noti yoyote kati ya hizo. Hiyo ndiyo mikwaruzo inayosikika kwenye Californication ya Red Hot Chili Peppers, ya mwaka 1999, hasa mwimbaji anapopandisha sauti. Nyimbo ni nzuri, bendi inacheza vizuri, lakini masta imechubuka.

Kwa nini A linavutia ukilisikia mara ya kwanza

Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha mwaka 1933 vipimo vinavyoonyesha kuwa sikio husikia besi na milio ya juu kwa udhaifu zaidi sauti ikiwa ndogo. Ukipandisha volyumu, besi inajaa na matoazi yanang'aa, hata kama hakuna kilichobadilika kwenye rekodi. Tofauti ya desibeli moja tu inatosha kumfanya msikilizaji aseme hii nyingine ina mwili zaidi, wala hatajua kwamba alichosikia ni volyumu. Kati ya matoleo yenu kuna desibeli 3.9. Kwa mpangilio huo hata miksi mbovu ingeshinda.

Kabla ya kupiga kura tena, linganisheni hivi. Wekeni matoleo yote mawili kwenye trek mbili za programu ya kurekodia, shusheni feda (kidhibiti cha volyumu) ya A kwa desibeli 3.9, na msiliguse B. Mkitaka uhakika wa namba za kila wimbo, Youlean Loudness Meter ina toleo la bure, au kwenye kompyuta yenye ffmpeg andikeni:

ffmpeg -i wimbo.wav -af ebur128=peak=true -f null -

Mstari wa I mwishoni ndio wastani wa wimbo mzima kwa LUFS. Pimeni wimbo kwa wimbo, kwa sababu tofauti ya 3.9 ni ya albamu. Kwenye wimbo mmoja inaweza kuwa 3, kwenye mwingine 5. Kisha mtu mmoja abadilishe trek bila wengine kuona ni ipi inacheza. Anayesikiliza peke yake anaweza kutumia foobar2000 na kijalizo chake cha ABX, kinacholinganisha matoleo mawili bila wewe kujua ni lipi linacheza.

Sikilizeni sehemu tatu. Ya kwanza ni pale ubeti unapoingia kwenye kiitikio. Kwenye masta iliyobanwa kupita kiasi ubeti umeshajaza nafasi yote, kwa hiyo kiitikio kikiingia na magitaa manne hakina pa kwenda. Limita inakisukuma chini na kinasikika kidogo kuliko ubeti. Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote katika roki, na linaumiza zaidi ya mikwaruzo. Ya pili ni snea katikati ya kelele nyingi: je, bado unaweza kuielekezea kidole? Ya tatu ni masikio yenu baada ya nyimbo sita mfululizo. Uchovu haujitokezi kwenye sekunde 30 za kulinganisha, na albamu si ya sekunde 30.

Halafu fanyeni jaribio la nne linalompendelea mpinzani: volyumu ndogo kabisa, feni ikiwa inavuma au gari likiwa linatembea. Hapo A linaweza kushinda. Sehemu ndogo za wimbo hazimezwi na kelele za nje, na spika ya simu haiwezi kuonyesha snea kubwa hata ukiipa. Hiyo ni faida ya kweli. Mimi naona haitoshi kuhalalisha desibeli 4, kwa sababu msikilizaji wa kwenye gari anaweza kupandisha volyumu lakini msikilizaji wa sebuleni hawezi kuirudisha snea iliyokatwa.

Mbio hizi zilianzia wapi

Hazikuanza na CD. Enzi za masanduku ya kuchezea santuri kwenye mabaa, volyumu ilikuwa imewekwa na mwenye baa, na santuri iliyokatwa kwa sauti kubwa zaidi ndiyo iliyosikika kuliko jirani zake. Lakini santuri ina breki zake za asili: ukizidisha, sindano inaruka au muda wa upande unaisha. CD haikuwa na breki. Mwaka 1994 kampuni ya Waves ilitoa L1, limita ya dijitali inayotazama mbele na kukiona kilele kabla hakijafika, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 bendi nyingi zilitaka kuwa na sauti kubwa kuliko zilizotangulia. Watu walisingizia redio. Ukweli ni kwamba vituo vya redio vina mashine zao, Optimod za Orban na wenzake, zinazobana kila kitu hadi usawa mmoja kabla hakijarushwa. Masta kubwa haitoki redioni ikiwa kubwa zaidi. Inatoka imekwaruzika zaidi, kwa kuwa imebanwa mara mbili.

Kisa kinachotajwa kuliko vyote ni Death Magnetic ya Metallica, Septemba 2008. Nyimbo zake zilipatikana pia ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero III, kutoka kwenye rekodi ambazo hazikuwa zimepitia ubanaji wa mwisho, na mashabiki walipoweka matoleo hayo mawili sambamba waliona na kusikia tofauti wenyewe. Maelfu walitia saini ombi la kutaka albamu ifanyiwe miksi upya. Watu wengi husahau sehemu ya muhimu zaidi ya kisa hicho: Ted Jensen, aliyeifanyia mastaringi, alieleza kuwa miksi zilimfikia zikiwa tayari zimepondwa. Mhandisi wa mastaringi hawezi kurudisha kilele ambacho hakimo kwenye faili. Bendi ya Rush ilijifunza hilo kwa njia ndefu: Vapor Trails ya mwaka 2002 ilikuwa na distosheni iliyoingia kabla ya mastaringi, kwa hiyo kuirekebisha kulihitaji miksi mpya kabisa, kazi ya David Bottrill iliyotoka mwaka 2013.

Miezi miwili baada ya Metallica, Guns N' Roses walitoa Chinese Democracy. Mhandisi wa mastaringi Bob Ludwig aliwaandalia matoleo yenye viwango tofauti vya ubanaji, nao wakachagua lile lililoachwa na dainamiki yake yote, yaani tofauti ya kubwa na ndogo. Mauzo ya albamu hiyo yana mjadala wake, lakini mimi sijamsikia aliyelalamika kwamba inasikika kidogo.

Pale ambapo kubana kunajenga

Upande wa pili una hoja, na ni wa haki kuusema vizuri. Iggy Pop alipoifanyia miksi upya Raw Power, albamu ya bendi yake The Stooges, mwaka 1997, aliisukuma kwenye wekundu wa mita kwa makusudi. Ni moja ya CD zenye sauti kubwa zaidi zilizowahi kutolewa na inakwaruza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuna wanaoichukia. Lakini muziki wenyewe, uliotoka kwanza mwaka 1973, ni wa vurugu, na kwaruzo hapo ni rangi aliyoichagua mwenye kazi. Kama bendi yenu inapiga punk ya dakika mbili mbili na mnataka isikike kama spika inayokaribia kuchanika, A linaweza kuwa sahihi. Ila muwe mmelichagua kwa sababu hiyo, msilichague kwa hofu ya kuonekana wadogo kando ya bendi nyingine.

Mfano mzuri zaidi wa kubana kunakojenga hauhusu mastaringi hata kidogo. Ngoma za "When the Levee Breaks" ya Led Zeppelin, 1971, zilirekodiwa Headley Grange, mpiga ngoma akiwa chini ukumbini na maikrofoni mbili za Beyerdynamic M160 zikiwa juu ya ngazi, kisha zikapitishwa kwenye kompresa kwa ukatili. Kompresa iliuvuta mwangwi wa ukumbi juu baada ya kila pigo, na mwangwi huo ndio ukubwa wa ngoma zile. Tazama kilichofanyika: chombo kimoja kimebanwa, mapema, na mtu aliyekuwa anasikiliza. Gitaa na harmonika havikuguswa na uamuzi huo. Limita ya mwisho haiwezi kufanya hivyo, maana yenyewe inaona wimbi moja tu na inashusha vyote kwa pamoja.

Hata kwenye mastaringi, ubanaji mdogo unaunganisha. Kompresa ya uwiano wa 1.5:1 au 2:1, ataki (muda wa kusubiri kabla ya kubana) ya milisekunde 30 ili pigo la mwanzo lipite salama, ikipunguza desibeli 1 hadi 2 kwenye kiitikio, hufanya vyombo visikike kana kwamba vimo chumba kimoja. Masta nyingi za roki zinazopendwa zina kiasi hicho, na ukiziondolea zinasikika zimemwagika. B lenu bila shaka limepitia kitu cha namna hiyo.

Hapa kuna jambo linalovuruga mijadala mingi. "Dainamiki" ni vitu viwili. Kimoja ni umbali wa kilele na mwili, ule wa 9.1 na 5.2 nilioutaja. Kingine ni tofauti ya ukubwa kati ya sehemu na sehemu ya wimbo, ubeti mdogo na kiitikio kikubwa. Wimbo wa metali unaweza kuwa mkubwa mwanzo hadi mwisho, bila sehemu ndogo hata moja, na bado ukapiga kifuani kwa sababu vilele vyake viko salama. Mwingine unaweza kuanza kwa kunong'ona na kuishia kwa kishindo, lakini kishindo chenyewe kikawa tofali, bapa bila vilele. Mtu akikuambia roki haihitaji dainamiki kwa sababu ni muziki wa kelele, anazungumzia cha pili. Mpiga ngoma wenu analilia cha kwanza.

Majukwaa yatafanya nini na faili lenu

Spotify kwa mpangilio wa kawaida hupeleka muziki kwenye -14 LUFS, YouTube hushusha vilivyozidi takriban kiasi hichohicho, na Apple Music hutumia -16 pale Sound Check, mpangilio wake wa kusawazisha ukubwa, inapokuwa imewashwa. Fanyeni hesabu ya -14. A litashushwa desibeli 7.8, na vilele vyake vitakaa -8.8. B litashushwa 3.9, na vilele vyake vitakaa -4.9. Kwa msikilizaji mwili wa nyimbo zote mbili una ukubwa uleule, ila snea ya B inasimama desibeli 3.9 juu zaidi ya snea ya A. Ukubwa mlioununua kwa ngoma zenu umerudishwa dukani, na ngoma hazikurudishwa. Msikilizaji aliyezima usawazishaji atasikia A likiruka juu, kweli, kisha atapunguza volyumu.

Msitoke hapo mkaomba masta ya -14. Kosa hili nalo limeenea. Namba ile ni kiwango cha kuchezea. Haikuandikwa kama lengo la mhandisi. Roki yenye magitaa mazito hujaa yenyewe, na kuilazimisha ifike -14 mara nyingi huiacha na kiki na snea zinazochomoza kuliko miksi ilivyokusudiwa. Kati ya -11 na -9 ndipo bendi nyingi za namna yenu hutua kwa raha. Kuanzia -8 kwenda juu ujue kila desibeli moja ya ziada inatoka kwenye snea.

Kilele cha -1 dBTP mlichopewa kinafaa B. Kwa A nisingeridhika nacho. Faili linapogeuzwa kuwa Ogg au AAC, miundo midogo ya kusambazia mtandaoni, sehemu ya mawimbi hutupwa na umbo hubadilika, na vilele vinaweza kuchomoza juu kuliko vilivyokuwa. Masta iliyogonga dari maelfu ya mara ina nafasi maelfu ya kuchomoza. Spotify wenyewe hushauri -2 dBTP kwa masta zilizozidi -14.

Mkitoa santuri pia, mwombeni mhandisi faili tofauti lisilo na limita kali. Masta iliyopondwa haikatwi kwa sauti kubwa zaidi kwenye santuri, mkataji huishusha. Na msimwamini anayewaonyesha vipimo vya DR (umbali wa vilele na mwili) vya santuri iliyorekodiwa kwenye kompyuta kuthibitisha kuwa ina dainamiki kuliko CD. Kupita kwenye sindano na vichujio hubadilisha umbo la wimbi na kuzua vilele vipya, kwa hiyo namba hupanda hata kama chanzo ni masta ileile iliyobanwa.

Mkitaka B liwe na misuli zaidi

Kama baada ya kulinganisha kwa haki bado mnaona B linahitaji uzito, rudini kwenye miksi badala ya kuongeza limita. Ondoeni limita yoyote kwenye basi kuu (njia ya mwisho ambamo trek zote huungana), toeni faili la biti 24 au 32 za kuelea kwa kiwango kilekile mlichorekodia, vilele kati ya -6 na -3. Toleo lenye limita mlilokuwa mkisikiliza mpelekeeni kando, ajue mlizoea nini.

Anzeni na milio ya chini. Kipimo cha LUFS kina kichujio kinachopunguza uzito wa besi ya chini kabisa, lakini limita haina kichujio hicho. Nguvu ya 40 Hz inaifanya ifanye kazi sawa na nyingine yoyote. Maana yake besi iliyozidi inakula nafasi yenu bila kuongeza ukubwa unaosikika. Kateni magitaa chini ya 80 hadi 100 Hz, amueni kati ya kiki na besi nani anakaa 60 Hz na nani anakaa 90, na mara nyingi mtapata desibeli 1 au 2 za bure. Wewe mpiga besi huenda usilipende hili, lakini utasikika vizuri zaidi.

Kisha kateni kilele cha snea na kiki kwa klipa kwenye trek zake zenyewe, desibeli 1 hadi 2, kila moja peke yake. Shusheni ubeti kwa nusu desibeli hadi moja ukilinganisha na kiitikio. Hatua hii ndogo humpa msikilizaji hisia ya kiitikio kupasuka, na haigharimu chochote. Mhandisi naye agawe kazi: kompresa ichukue desibeli 1, klipa 1 hadi 1.5, limita isizidi 3 kwenye sehemu kubwa kuliko zote. Dalili ya kusimama haiko kwenye mita. Ni pale unapoongeza nusu desibeli na snea ikarudi nyuma badala ya kuja mbele.

Mwisho, angalieni kama kuna wimbo wa polepole kati ya hizo 10. Mhandisi akiupandisha hadi -10 pamoja na wengine, gitaa la kupapasa litakuwa kubwa kuliko wimbo wa kelele uliotangulia. Uacheni -14 au -15. Spotify ikicheza albamu mfululizo huzishusha nyimbo zote kwa kiasi kimoja, kwa hiyo pengo hilo litafika kwa msikilizaji kama mlivyoliacha.